Zikifika Mia

Juzi nikipita Kawangware kuelekea Satellite, harufu ya sabuni ya kipande ilinisimamisha kwenye lango la ploti nisiyoijua. Ndani, msichana wa miaka tisa hivi alikuwa anamwogesha mdogo wake kwenye beseni. Alimsugua kama anasugua sufuria iliyoungua, na mtoto alilia kwa mazoea tu, bila machozi. Nilijikuta nimeinama kuangalia miguu ya yule mtoto. Ndiyo tabia yangu. Wengine hutazama uso wa mtoto, mimi naanzia kwenye miundi. Msichana akaniuliza, "Auntie, unatafuta nani?" Nikaona haya, nikaenda zangu.

Kazi hiyo ya beseni ilikuwa yangu zamani. Nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu Okoth alikuwa na mitano, na mama alifanya kazi ya nyumba Lavington, mahali ambapo kutoka kwetu unafika kwa miguu kama huna nauli na huna la kufanya. Baba hatuna haja ya kumtafuta katika habari hii, maana yeye mwenyewe hakututafuta. Tulikaa chumba kimoja cha mabati katika ploti ya mama mmoja Mkikuyu, mwenyeji wa pale tangu ardhi ile ilipokuwa mashamba. Sote tulimwita Shosho, yaani nyanya. Alikaa mlangoni pake kutwa akichambua maharagwe, na hakuna kilichoingia wala kutoka asikione.

Kwa Okoth ilianza na michubuko. Mtoto wa miaka mitano kuwa na alama si habari, lakini zake zilitokea mahali ambapo mtoto haangukii: mgongoni, ndani ya mapaja, chini ya kwapa. Shosho ndiye aliyeziona kwanza. Siku moja alimwambia mama, mbele ya wapangaji wote waliokuwa wanaanika nguo, "Mama Okoth, hasira ya kazi usilete kwa mtoto. Mimi nimelea saba. Mtoto hapigwi hivyo." Alimwita Mama Okoth ingawa mkubwa ni mimi. Mambo ya mvulana hayo.

Mama alimshika Okoth mkono. Aliingia ndani, akamvua Okoth shati, akamgeuza na kumgeuza. Kisha akaniangalia mimi, akauliza taratibu, "Ni wewe?"

"Si mimi, mama."

"Basi ni nini?"

Wiki ile ile Okoth aliamka ufizi unatoka damu, na mto umelowa. Mama akapiga simu kazini, akaomba ruhusa, tukaenda hospitali sote watatu.

Daktari alikuwa kijana, mpole kama mwalimu wa watoto kanisani. Alimlaza Okoth, akapandisha suruali, akapitisha kidole juu ya muundi wa kushoto. "Unaona hii madoadoa, mama?" Mimi pia nilisogea nikaona. Vilikuwa vidoa vidogo sana, kama vilivyochomwa kwa ncha ya kalamu. Kwenye ngozi yetu nyeusi havikuwa vyekundu, vilikuwa zambarau iliyokolea, na bila mwanga mzuri usingeviona. Wakati kidole chake bado kiko pale, nesi akaleta karatasi. Daktari akaisoma, akarudi kuangalia mguu. "Kumi na mbili," akasema. "Hiyo iko chini sana. Tunataka ipande. Ikifika mia hivi, huyu kijana anarudi kucheza mpira na wenzake. Kwa sasa mpira hakuna."

"Hata ya karatasi?" Okoth akauliza.

"Hata ya karatasi."

Hapo Okoth akasema amebanwa na mkojo, nikampeleka. Choo kilikuwa mbali na kulikuwa na foleni. Mambo yote ya maana yalisemwa tukiwa chooni. Kwamba ndani ya damu kuna chembe ndogo zinazoziba mahali panapovuja, na za Okoth zilikuwa zimepungua kupita kiasi. Kwamba kumi na mbili ilikuwa hesabu ya chembe hizo. Kwamba vile vidoa vilikuwa damu iliyokwisha kuvuja chini ya ngozi, na kadiri vinavyoongezeka ndivyo hatari inavyokaribia. Kwamba akigonga kichwa, damu inaweza kuvuja ndani ambako hakuna mkono wa kuifikia. Mama aliyasikia hayo yote peke yake, akayabeba mpaka nyumbani, na mimi sikuambiwa.

Jioni ile nilimwosha miguu kabla jua halijazama. Nikahesabu vidoa vya muundi wa kushoto. Kumi na kimoja. Nikainua goti, na chini yake kulikuwa na kingine. Kumi na mbili kamili. Ilikuwa bahati mbaya tu, kama bahati mbaya nyingine yoyote, lakini kwangu ilikuwa ushahidi. Nilimheshimu sana yule daktari kwa kuhesabu upesi namna ile.

Mama aliniita nje baada ya chakula. "Sikiza," akanishika bega. "Mimi natoka na giza, narudi na giza. Wewe ndio macho yangu. Ukimwosha umwangalie mwili yote. Uniambie."

"Nitakuwa nakuambia."

Nyumba yetu ikawa na sheria. Mama alichana leso yake kuukuu akafunga pembe za meza na za kitanda. Okoth alilala chini kwenye godoro ili asianguke. Mswaki wake uliloweshwa kwenye maji moto uwe laini, na kucha zake nilizikata kila Jumamosi. Zile tembe za kichwa zinazouzwa mojamoja dukani, hata alie vipi, tusimpe, kwa sababu zinazuia damu isigande. Vidonge vyake vya hospitali alipewa na mama mwenyewe alfajiri. Watoto wa ploti walimwita mtoto wa mayai, na kila walipopita na mpira wao wa makaratasi na sisali walibisha mlango wetu wakaimba jina hilo. Okoth alikaa kwenye kizingiti, kidevu magotini, akiwafuata kwa macho mpaka wapinde kona. Uso wake ulikuwa umeanza kuvimba mashavu kwa sababu ya dawa.

"Ziko ngapi leo?" alikuwa akiniuliza kila nikimwosha.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunitisha. Siku zile za mwanzo za vidonge, vidoa vilipungua. Vikawa tisa, vikawa sita. Wiki ya pili vilikuwa vitatu tu, na vitatu hivyo vimefifia. Nilivitafuta vingine kwenye visigino, hadi nyuma ya masikio. Mama alimrudisha kliniki mimi nikiwa shuleni, akaja jioni na uso mwepesi. "Daktari anasema anaendelea vizuri. Amepunguza vidonge. Turudi baada ya wiki tatu." Sikumwamini. Babu alipougua huko nyumbani, simu zote zilizopigwa zilisema anaendelea vizuri, na ile iliyofuata ilisema tusafiri tukamzike. Nilijua maana ya anaendelea vizuri. Nilikaa na siri kwamba mdogo wangu amebakiwa na vitatu, na nilipokuwa nikimfunika blanketi niliweka mkono puani pake nihakikishe anapumua.

Jumapili moja tulikwenda Kibera, Laini Saba, kwa dada ya mama, Anti Pamela, aliyekuwa akikaanga samaki karibu na reli. Jirani yake alikuwa fundi wa baiskeli. Wenzangu mliosoma shule zile mnaijua blada: ule ukanda wa mpira unaokatwa kwenye tyubu iliyokufa, ambao sisi tulifungia soksi ili zisishuke. Soksi zetu zilikuwa za mtumba au za kurithi, zimelegea midomo, na mwalimu wa zamu hakutaka kusikia habari ya kurithi. Fundi akatuachia tuokote tulizotaka. Nikachukua za kwangu, na jozi ya Okoth ya kwenda nayo nasari.

Jumatatu jioni nilimvua soksi, nikaona. Mahali blada ilipokaa palikuwa na pete, na chini ya pete, mpaka kwenye kifundo, vidoa vipya kabisa. Kumi na tisa mguu mmoja. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia na miguu yake ikiwa bado na sabuni.

"Zimepanda?" akauliza.

"Zimepanda. Na usimwambie mama. Tutamshtua zikifika mia."

Kuanzia hapo nilimfunga blada kila asubuhi, na kila siku nilikaza zaidi ya jana. Nasema hivyo wazi kwa sababu nimechoka kujisemea kwamba nilikuwa mtoto. Nilijua inamuuma. Alikuwa akisema, "Inafinya," nami namwambia avumilie, si anataka mpira? Akavumilia. Mtoto wa miaka mitano alikaa asubuhi nzima nasari miguu ikifa ganzi, akarudi akichechemea, akakaa kwenye beseni na kunyosha mguu mwenyewe ili nihesabu. Sijawahi kuaminiwa na mtu tena namna ile.

Halafu vidoa vikaanza kutokea bila blada. Sasa naelewa kwamba dawa ilipopunguzwa, zile chembe zilishuka tena zenyewe, kama inavyotokea kwa wagonjwa wengi wa aina yake, na kwamba mtu mwenye macho angeliona jambo hilo na kusema. Macho yalikuwa mimi. Vilipanda magotini, mapajani, tumboni kwenye mstari wa lastiki ya suruali. Ndani ya shavu palitokea lengelenge jeusi. Hilo nalo nikalihesabu. Kila jioni mama alirudi amechoka, balbu tuliyopewa na Shosho ikitoa mwanga wa kuonea njia tu, akamkuta Okoth amelala amefunikwa mpaka shingoni. "Yuko sawa?" "Yuko sawa." Akavua viatu, akakanda ugali. Nilikuwa na raha ya mtu aliyeficha zawadi.

Jumamosi moja, siku chache kabla ya kurudi kliniki, mama alienda kazini kama kawaida. Nilimwogesha Okoth saa nne, juani, nikahesabu pole pole kwa kalamu ya wino, kila kidoa naweka alama nisikirudie. Nilipofika mia na nne nikaacha. Okoth alikuwa ameshika pumzi.

"Zimefika," nikamwambia. "Enda ukacheze."

Hakuuliza mara ya pili. Alikimbia na maji mgongoni, ikabidi nimfuate na shati na suruali.

Uwanja ulikuwa kiwanja kitupu nyuma ya kanisa, vumbi tupu na mawe mawili ya goli kila upande. Wavulana walimcheka kwanza, kisha wakamwingiza kwa sababu walipungua mmoja. Nilikaa kando na sweta yake mapajani. Okoth hakujua kucheza, alikuwa akikimbia tu mpira ulipo, amefungua mdomo, na kila akiupata mguuni alinigeukia kuona kama nimeona. Nilikuwa nimeona. Sijasahau hata moja. Kisha yeye na mvulana mkubwa wakaukimbilia mpira mmoja, wakagongana, na Okoth akaanguka chali. Kisogo kilipiga ardhi. Akainuka akicheka.

Damu ya pua ilianza kidogo. Nilimbana pua kwa sweta, nikamwambia akae. Baada ya muda nikaachia, ikatoka kama bado ndiyo inaanza. Wavulana wakasimama wakituzunguka. "Manze, mbona haikauki," mmoja akasema. Sweta ilikuwa ya kijivu, ikawa nyeusi upande wote. Okoth akaegemea bega langu, akasema, "Kichwa inauma," halafu akatapika. Mvulana mmoja akakimbia kumwita Shosho.

Shosho alikuja mbio, na sikujua kama anaweza mbio. Alimtazama Okoth mara moja tu. Alimpandisha shati, akaona tumbo lile lililojaa vidoa na alama za kalamu, akasema kitu kwa Kikuyu ambacho sikukielewa. Akasimamisha bodaboda, akapanda na Okoth kifuani, akaniambia nishike nyuma. Njiani alipiga simu kwa mama, akipayuka juu ya upepo, "Kuja hospitali! Kuja sasa hivi!" Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa Okoth, ule uliokuwa unaning'inia, na ulikuwa baridi. Nilijiambia kwamba zimefika mia, kwa hiyo hawezi kufa.

Mama alifika bado amevaa aproni ya kazini. Wakati huo Okoth alikuwa kitandani na dripu mkononi, hasemi. Daktari safari hii alikuwa mwanamke mtu mzima, asiye na muda wa upole. Alikunja suruali ya Okoth, akakuta pete mbili chini ya magoti, za siku nyingi, ngozi imebonyea.

"Nani alifunga huyu mtoto?"

Shosho alimtazama mama, na katika macho yake niliona yale ya siku ile alipomkaripia mbele ya walioanika nguo. Mama aliziangalia zile pete kwa muda mrefu. Kisha macho yake yakashuka, yakavuka sakafu, yakaja kwenye miguu yangu mimi. Jumamosi na siku zote nilivaa soksi zangu za shule, maana sikuwa na nyingine, na blada zilikuwa pale, nyeusi, chini ya magoti. Nilimwona mama anaelewa.

"Ni mimi," akasema. "Soksi zilikuwa zinaanguka."

"Na kucheza mpira? Si uliambiwa hapa?"

"Niliambiwa. Ni mimi nilimruhusu."

Shosho akafyonza. Daktari alisema maneno mengi, na hakushusha sauti. Wodi nzima, wazazi wote waliokaa kando ya vitanda vya watoto wao, walisikia kwamba yule pale mwenye aproni amemfunga mtoto mgonjwa kama mbuzi. Mama alisimama akaitika, "Ndiyo, daktari," kila panapohitajika. Nilifungua mdomo. Akanikazia jicho, nikaufunga.

Tulipotoka nje kutafuta maji ya kunywa aliniuliza, "Ulikuwa unafanya nini?" Nikamweleza. Kidole cha daktari, kumi na mbili, vitatu, blada, mia na nne. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, bado nikitumaini kwamba kuna mahali atasema hapo ulikuwa sawa. Mama akakaa kwenye ukingo wa barabara, watu wakimruka miguu. Akanieleza vile vidoa vilikuwa nini. Alinieleza polepole kama alivyopaswa kunieleza siku ile ya kwanza, na mimi nilisikia masikio yangu yanapiga kelele.

"Sikukuambia," akasema. "Nilidhani nitakutisha." Kisha akanishika uso kwa mikono yake iliyonuka dawa ya kuoshea vyoo vya wenyewe. "Usiseme kwa mtu. Hata kwa Okoth. Hii ni yangu sasa."

Okoth alilala siku nyingi kabla ya kutujua tena. Damu ilikuwa imevuja kichwani, si nyingi, lakini haikuhitaji kuwa nyingi. Aliporudi nyumbani mkono wake wa kushoto haukushika kikombe, na haujashika mpaka leo. Afisa wa watoto alitutembelea mara kwa mara, mama wa watu mwenye faili, akimkagua Okoth mwili na kumuuliza mama maswali yale yale. Mama aliacha Lavington, akafua nguo za majirani ili awepo nyumbani mchana. Wengine hawakumpa nguo zao. Walisema mwanamke aliyemfunga mtoto wake hawezi kuguswa na uchungu wa mtu. Mimi nilikuwa nikisikia haya kwenye foleni ya maji, nikajaza mtungi wangu, nikarudi.

Okoth alikua akisikia hivyo hivyo. Watoto wa ploti walimwambia, Shosho alimwambia, cheti cha hospitali kilimwambia alipojifunza kusoma. Sijui kumbukumbu ya mtoto wa miaka mitano hufutwa na nini. Labda husemwa na wengine mpaka yake inanyamaza. Aliishi na zile sheria vizuri, akazijua kuliko daktari. Hanyoi kwa wembe, hanywi tembe asiyoijua, na leo ana kibanda chake cha vifaa vya simu Laini Saba. Kwa mama alikuwa na adabu, lakini adabu ya mbali kidogo. Mama aliiona.

Mama tumemzika mwaka huu, nyumbani, upande wa ziwa. Siku ya mazishi, watoto tulipoitwa kusema machache, mimi nilisema nashukuru kwa wote waliofika. Okoth akasimama baada yangu, mkono wa kushoto mfukoni kama kawaida yake. Alieleza jinsi mama alivyohangaika naye hospitali kwa hospitali. Kisha akakohoa.

"Kuna kitu watu wa Kawangware wanajua," akasema. "Nikiwa mdogo, mama alinifunga miguu, na akanitoa nje nicheze wakati sikufaa kucheza. Nilikaribia kufa, na huu mkono ni wa siku hiyo. Hajawahi kujitetea hata siku moja. Nimekuwa na hiyo kitu moyoni mwangu miaka mingi. Leo nasema mbele yenu wote na mbele ya jeneza lake, nimemsamehe."

Wanawake waliokaa mbele walilia. Mchungaji akainua mkono, akasema Mungu na aupokee msamaha huu. Umati ukaitikia amina, na mimi nikaitikia nao.